Chumvi ya Bibi: Siku saba barabarani, kutoka Phoenix hadi Salt Lake City

Ndege kutoka Phoenix hadi Salt Lake City haimalizi saa mbili angani. Sisi tulitumia siku saba.

Haukuwa mpango wangu. Binti yetu mkubwa alikuwa amepata nafasi ya chuo huko Utah, nami nilishaanza kutafuta tiketi za bei nafuu za katikati ya Agosti. Mume wangu ndiye aliyekataa. Alisema mtoto ukimpeleka kwa ndege anakuwa ameshaondoka kabla hujamaliza kufunga mkanda, lakini ukimpeleka kwa gari mnaondoka pamoja. Tena mama yake alikuwa kwetu tangu Juni, amekuja kututembelea kutoka Tanga, na hadi siku hiyo Marekani aliyoiona ilikuwa sebule yetu, msikiti na maegesho ya supamaketi. "Mama akirudi Tanga atasimulia nini?" akaniuliza. "Kiyoyozi?"

Basi tukawa watano garini. Mume wangu kwenye usukani, Bibi kiti cha mbele kwa heshima yake, na mimi nyuma, nimebanwa katikati ya binti yetu na mdogo wake wa miaka kumi, ambaye tulimwombea ruhusa shuleni wiki moja. Bibi alipakata kikapu chake mwenyewe: chapati, maandazi, ndizi, na mfuko mdogo wa chumvi ya mawe aliyotoka nayo nyumbani. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Tanga, na mpaka leo haiamini chumvi laini ya dukani. Amekula chumvi nyingi, kwa maana zote mbili.

Niseme ukweli mapema, kwa sababu najua wazazi wengi mnaosoma hapa mmepitia hayo. Mwezi mzima wa Julai mimi na binti yangu hatukuwa na mazungumzo. Kulikuwa na chuo kizuri dakika ishirini kutoka nyumbani, yeye akachagua cha mbali. Sikumkataza, lakini sikumpa baraka kwa moyo mkunjufu pia. Tukawa tunazungumza habari za mashuka, sufuria na chaja tu.

Kutoka kwenye tanuri

Phoenix ni tanuri, hilo halina ubishi. Mwaka 2023 mji huu ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika nyuzi 43 au zaidi. Tumeishi hapa miaka tisa, na tukajiona mabingwa wa joto. Likumbukeni neno hilo.

Barabara kuu namba 17 inatoka Phoenix kwenda kaskazini, na kazi yake ni kupanda. Phoenix iko mita 330 hivi juu ya usawa wa bahari. Flagstaff, mwendo wa saa mbili na kitu, iko mita 2,100. Ukiondoka unaona madungusi marefu yameinua mikono kama trafiki wa makutano. Ukifika juu ni misonobari mitupu na upepo wa baridi. Bibi akaomba khanga ya kujifunika mabega. "Hii ni nchi moja kweli?" akauliza.

Kutoka Flagstaff hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon ni kilomita kama 130. Picha mmeziona, kwa hiyo sitawachosha. Nitasema tu kwamba picha haina sauti, na kinachokushika pale ni ukimya. Korongo lina urefu wa kilomita 446, upana wake mahali pengine unafika kilomita 29, na kina chake kinapita kilomita moja na nusu. Mawe ya ukingoni yana umri wa miaka milioni 270 hivi. Yale ya chini kabisa yanapita miaka milioni 1,700.

Bibi hakushangazwa na tarakimu. Aliinama, akalipapasa jiwe la ukingoni, akasema, "Mbona haya ni kama ya mapango ya Amboni?" Binti yetu akasoma kibao, akacheka. Bibi alikuwa sahihi. Ni mawe ya chokaa, kama ya Amboni, yaliyotandazwa na bahari ya kale, na ndani yake mna mabaki ya wanyama wa baharini. Tumetoka pwani, tumepanda mita 2,000, tukakuta sakafu ya bahari.

Chini kabisa mto Colorado ulionekana kama uzi. Mto huohuo, ukiwa umeshafika mbali kusini-magharibi, unachotwa na kusukumwa kwenye mfereji wa kilomita 541 unaovuka jangwa, na sehemu ya maji ya bomba la Phoenix hutoka huko. Kijana wetu alipoelewa akatoa macho: "Kwa hiyo huu mto nimeuoga?" Umeuoga, umeunywa, na mama yako ameupikia wali.

Watoto wadogo katika hifadhi hizi hupewa kijitabu cha maswali. Wakikijaza wanakula kiapo mbele ya askari wa hifadhi na kupewa beji. Kijana aliapa kulinda wanyama, mimea na mawe. Vibao vilivyozunguka kila njia vilikuwa vinasema jambo jingine, kwamba mtu asithubutu kushuka hadi mtoni na kupanda kurudi kwa siku moja, maana joto la chini hupita nyuzi 40. Tukavisoma, tukatikisa vichwa kwa ajili ya watu wasiojua joto.

Saa inayopotea

Siku ya pili mchana tuliingia ardhi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Hapa ndipo safari yetu ilipoanza kuharibika, ingawa hatukujua.

Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi kama yafanyavyo karibu majimbo yote ya Marekani. Lakini Wanavajo, ambao ardhi yao inaingia pia Utah na New Mexico, hubadilisha. Na katikati ya ardhi yao kuna ardhi ya Wahopi, ambao hawabadilishi. Simu zetu zilirukaruka kwenda mbele na kurudi nyuma. Bibi, ambaye saa yake ya mkononi ilikuwa bado inasoma saa za Tanga, hakuona tatizo liko wapi. Mume wangu akasema ya kwake ataisogeza jioni. Jioni ilifika.

Tulilala Kayenta. Kando ya barabara tulinunua mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga kutoka kwa mama mmoja wa Kinavajo. Bibi aliumega ule mkate, akautafuna polepole, akatoa hukumu: "Hili ni andazi lililokosa iliki." Historia yake si tamu. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga maelfu ya Wanavajo kwa miguu hadi New Mexico, mamia ya kilomita, na huko wakalishwa unga na mafuta ya msaada. Mkate huo ukazaliwa katika dhiki hiyo. Walirejea kwenye ardhi yao mwaka 1868 baada ya kutiwa saini mkataba.

Usiku huo binti yetu alimsimulia Bibi habari nyingine aliyoisoma shuleni. Kwa miaka mingi watoto wa Kinavajo waliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha yao. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili, na kuanzia mwaka 1942 jeshi la Marekani likawatumia vijana wa Kinavajo kupeleka ujumbe wa siri kwa lugha hiyohiyo. Wajapani hawakuweza kuifumbua. Alisimulia yote kwa Kiswahili, akikwama mara mbili tu, na Bibi akimsaidia neno. Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani kama niliyelala. Nilikuwa nasikiliza.

Asubuhi tulisimama Monument Valley, penye milima myekundu iliyosimama peke yake kama nguzo za nyumba iliyobomoka. Hifadhi hiyo ni ya Wanavajo wenyewe na ina kiingilio chake. Ile kadi ya hifadhi za taifa haifanyi kazi hapo. Njia ya kuzunguka bondeni ni ya vumbi na mawe, na gari letu dogo limebeba masanduku ya mwanafunzi, kwa hiyo tulitazama kutoka juu tukaendelea. Jioni tukaingia Moab, Utah.

Saa tatu, si saa mbili

Moab ni mji mdogo uliozungukwa na mawe mekundu, na mlangoni mwake ndipo ilipo hifadhi ya Arches, yenye matao ya mawe zaidi ya 2,000. Maarufu kuliko yote ni Delicate Arch, lile lililochorwa kwenye namba za magari za Utah. Njia ya kulifikia ni kilomita 2.4 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na unapanda karibu mita 150. Sehemu kubwa ni mwamba mtupu. Hakuna kivuli, na njiani hakuna maji.

Mpango ulikuwa waanze kutembea saa kumi na mbili asubuhi. Mume wangu alitega saa yake ya mkononi, ile ambayo bado ilikuwa ya Phoenix. Kwa hiyo tuliamka tumeshachelewa saa nzima na hatujui. Halafu chai. Halafu kiatu cha kijana hakionekani. Halafu foleni ya getini. Baba na watoto walipoanza kupanda, saa ya mkononi ilisema saa mbili. Ilikuwa saa tatu, na jua la Agosti limeshasimama.

Maji walibeba chupa moja ndogo kila mtu, na moja ya akiba. Sisi si watu wa Phoenix?

Mimi na Bibi tulibaki kwenye maegesho. Nilijua wangerudi kabla ya saa tano. Saa nne na nusu nikaanza kusimama na kukaa. Simu haina mtandao. Watu walikuwa wanashuka, nikawauliza kama wamemwona baba mwenye watoto wawili, mmoja msichana wa mtandio wa bluu. Mama mmoja akasema amewaona wamekaa chini, juu kule, kwenye ubavu wa jiwe. Wamekaa? Bibi akanishika mkono. Hakusema kitu.

Saa tano na robo nikauona mtandio wa bluu, lakini haukuwa kichwani kwa mwenyewe. Ulikuwa shingoni kwa kaka yake, umelowa, na yeye amemshika kiuno wanashuka hatua kwa hatua. Baba yao alikuja nyuma, amebeba mfuko, uso umemshuka.

Kijana alikuwa amepauka. Kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu, na alikuwa ameshatapika mara moja. Askari wa hifadhi, dada mmoja aliyekuwa akipita kwenye maegesho, alituona akaja mbio. Alitusaidia kumlaza kwenye kivuli cha gari na kuinua miguu yake. Akamlowesha nguo kwa maji, akatuambia tumpepee. Kisha akamuuliza jina lake, siku gani leo, na yuko wapi. Kijana alijibu yote. Askari akatueleza kwa nini anauliza: mtu aliyezidiwa na joto lakini akili yake iko sawa, ukimpoza na kumnywesha kidogokidogo hurudi. Akianza kuchanganyikiwa, kuzimia, au mwili ukawa wa moto sana, hapo si suala la kivuli tena. Ni kupiga 911 papo hapo huku mkiendelea kumpoza, maana dakika zinahesabika.

Bibi hakuelewa Kiingereza chake, lakini alikuwa ameshafungua kikapu. Alichukua chupa ya lita moja ya maji tuliyoiacha garini. Akaponda punje za chumvi yake kwa kitako cha kikombe, akapima nusu kijiko cha chai, akatia na vijiko sita vya sukari ya chai yetu, akatikisa. Ni kipimo kilekile ambacho akina mama wengi mmefundishwa kliniki kwa mtoto anayeharisha. Akamnywesha kwa kifuniko cha chupa, funda baada ya funda, akisema "Taratibu, baba, taratibu." Askari akauliza ni nini, binti yetu akamtafsiria. Akatikisa kichwa kukubali.

Baada ya saa moja kijana aliomba andazi. Nikaenda nyuma ya gari nikalia.

Kilichotokea juu nilikijua usiku. Walikuwa wamepita theluthi mbili za njia. Mume wangu, mwenyewe aliniambia bila kujitetea, alisema bado kidogo tu, tukifika tutapumzika. Binti yetu akasimama. "Baba, tunarudi sasa hivi." Akamkalisha mdogo wake kwenye kivuli chembamba cha jiwe, akampa maji yake ya kunywa, yaliyobaki akayamimina kwenye mtandio. Tao lilikuwa mbele yao mwendo wa dakika ishirini. Hawakuliona.

Nilimfuata nje, amekaa kwenye ngazi za hoteli. Nikamuuliza, "Ulijuaje kama amezidiwa?"

"Alikuwa amenyamaza, Mama. Huyu hanyamazi."

Nilikaa karibu naye. Mwaka mzima nilikuwa najiuliza nani atamwangalia mtoto wangu huko Utah. Tulikaa mpaka usiku mkubwa, na mashuka hatukuyataja.

Shamba la chumvi lililozikwa

Siku ya tano saa zote zilikuwa zimerekebishwa, hata ya Bibi. Kabla ya jua kuchomoza tulienda mahali ambapo Delicate Arch huonekana kwa mbali, hatua chache tu kutoka maegesho, pamewekwa kwa ajili ya wasioweza kupanda. Tukalitazama wote watano, dogo kama pete, likianza kushika rangi ya moto.

Halafu tukaelekea Dead Horse Point, hifadhi ya jimbo yenye kiingilio chake, ambapo Colorado inajikunja mita 600 chini yako. Bibi alisogea kwenye ukuta wa mawe, akatazama, akashika mdomo. Mbali kule chini, katikati ya jangwa jekundu, kulikuwa na mabwawa ya mstatili yamepangwa safu safu, ya bluu kama kitenge kipya.

"Hayo ni mashamba ya chumvi," akasema. Hakuuliza.

Tukasoma kibao. Ni kweli, au karibu na kweli. Zamani sana, miaka milioni 300 hivi iliyopita, bahari iliingia katika bonde hili mara nyingi na kukauka mara nyingi, ikaacha tabaka nene la chumvi. Leo maji hushushwa ardhini kuyeyusha chumvi aina ya potashi inayotumika kwenye mbolea, kisha huvutwa juu na kuachiwa jua liyakaushe mabwawani. Rangi ya bluu hutiwa makusudi ili maji yafyonze joto na kukauka haraka. Bibi alifurahia hilo kama mtu aliyepewa siri ya kazi. "Sisi tulingoja jua tu," akasema.

Na chumvi hiyohiyo ndiyo iliyojenga matao. Mchanga na tope vilitandazwa juu yake kwa mamilioni ya miaka vikageuka mwamba. Chumvi ikielemewa na uzito husogea kama unga uliokandwa, ikabinuka hapa na kudidimia pale, na mwamba wa juu ukapasuka mipasuko mirefu. Mvua na barafu vikaingia kwenye nyufa, vikala polepole mpaka ukuta ukatoboka. Tao haliishi milele. Mwaka 2008 moja kubwa, Wall Arch, lilianguka usiku mmoja wa Agosti.

Mji ulio chini ya mlima

Kutoka Moab hadi Salt Lake City ni saa nne. Unakata milima, unaibukia upande wa pili, na mji umelala kwenye bonde huku safu ya Wasatch ikiwa imeuinamia, vilele vyake vikipita mita 3,000. Mji wenyewe uko mita 1,300 hivi, karibu sawa na Arusha, na jioni ilipopoa mume wangu alisema hata harufu ni ya Arusha. Hiyo ilikuwa njaa.

Uliasisiwa Julai 1847 na Wamormoni waliovuka bara kukimbia mateso, na mitaa yake ni mipana ajabu. Anwani nazo ni kama ramani: zinahesabiwa kutoka uwanja wa hekalu lao katikati ya mji. Ukiambiwa 500 Kusini na 300 Mashariki, unajua umeteremka mitaa mitano na kuvuka mitatu. Bibi aliishika hesabu hiyo kwa nusu saa. Akasema sasa anajua mjukuu wake atakaa wapi, hata akipotea ataulizia kwa namba.

Dukani kwa mama mmoja wa Kikongo tulikuta unga wa ugali, majani ya muhogo na dagaa wakavu. Wakongo na Warundi wengi waliofika kama wakimbizi wanaishi katika bonde hili. "Muko wa wapi?" akauliza. Bibi akasema Tanga. Mama akapiga makofi. Alikuwa ameishi Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Alipojua kilichotuleta, alimtazama binti yetu juu mpaka chini. "Akikosa bugali akuje hapa. Huyu sasa ni mtoto yetu."

Siku iliyofuata tulipanda bonde la Big Cottonwood hadi Silver Lake, ziwa dogo lenye njia ya mbao iliyonyooka, rahisi kwa mzee au kiti cha magurudumu. Mbwa hawaruhusiwi bondeni humo wala kuogelea, kwa sababu maji ya theluji yanayoteremka huko ndiyo yanayonywewa mjini. Kijana, ambaye sasa alikuwa hatembei hatua tatu bila chupa, aliliona jambo hilo kuwa la maana sana.

Mwisho tulikwenda kwenye ziwa lenyewe, Great Salt Lake, kwa njia iliyojengwa majini hadi kisiwa cha Antelope, ambako nyati wa Kimarekani wanatembea huru. Mito inaingia katika ziwa hili na hakuna hata mmoja unaotoka, kama Natron na Eyasi kwetu. Kinachoondoka ni mvuke tu, chumvi inabaki. Bibi alikunja khanga, akaingia mpaka magotini, akachovya kidole akaonja. "Kali kuliko ya kwetu."

Lakini tulitembea sana kuyafikia maji hayo. Mwaka 2022 ziwa lilishuka kiwango cha chini kabisa kuwahi kupimwa, hasa kwa sababu mito inayolilisha hunywewa na mashamba na miji kabla haijafika. Penye maji zamani sasa ni tambarare kavu, na upepo ukivuma vumbi lake huelekea kwenye mapafu ya watu wa mjini. Binti yetu anakwenda kusomea uhandisi wa maji. Nilikuwa nalijua hilo tangu Januari. Pale ufukweni ndipo nilipomuuliza kwa mara ya kwanza ni kazi gani hasa.

Kabla hujawasha gari

Maji kwanza. Kwa matembezi ya jangwani beba lita mbili kwa kila mtu, watoto wakiwemo, na nusu yake ikiisha, geuka, hata kama umekaribia. Garini acha galoni za akiba.

Anzeni kutembea jua linapochomoza, na mmalize kabla ya saa nne. Mkivuka mpaka wa Arizona kiangazi, sogezeni kila saa mliyonayo.

Kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani na huingiza gari zima katika hifadhi nyingi. Mtoto wa darasa la nne hupata kadi ya bure, na hudumu hadi mwisho wa Agosti. Kijana wetu ndiye aliyetuingiza. Tangu Januari 2026 wasio wakazi hutozwa zaidi katika baadhi ya hifadhi kubwa, Grand Canyon ikiwemo. Mkiwa na mgeni kutoka nyumbani, soma masharti kwenye tovuti ya hifadhi kabla ya kuondoka, na mbebe vitambulisho.

Kagua upepo wa matairi, tairi la akiba na maji ya rejeta. Pakua ramani kwenye simu, maana sehemu ndefu hazina mtandao. Jaza mafuta tanki likiwa nusu, usingoje taa.

Na mzee asiachwe nyumbani. Karibu kila hifadhi ina mahali pa kutazamia palipo karibu na maegesho.

Vijiko vingapi

Tulimwacha bwenini siku ya saba, ghorofa ya tatu, dirisha linaangalia mlima. Mume wangu alikagua kitasa cha mlango mara nne. Kijana aliacha beji yake moja juu ya meza, akasema ni ya kuazima. Bibi alitoa kile kimfuko cha chumvi, akakishindilia kwenye kona ya kabati, nyuma ya vikombe.

Mimi nilimpa baraka, safari hii kwa moyo mkunjufu, kisha nikashuka ngazi haraka kabla sijaharibu mambo.

Wiki mbili baadaye, usiku, simu ikalia mezani kwetu Phoenix. Ujumbe wa maandishi: mwenzake wa chumbani tumbo linamwendesha tangu mchana, amepiga simu kliniki ya chuo wamesema anywe maji mengi. Sukari ni vijiko vingapi?

Nilimpelekea Bibi simu. Hakuhitaji miwani.

"Mwambie sita," akasema. "Na chumvi nusu. Asizidishe."